Shuka Kisimani

Mwezi uliopita, kwenye harusi ya mjukuu wa aliyekuwa Meneja wetu, mzee yule alipewa kipaza sauti awabariki maharusi, naye badala ya kubariki akaanza kujisifu. Ukumbi ulikuwa Rwamishenye, Bukoba, hatua chache kutoka ilipokuwa ofisi yetu ya mradi wa kahawa. Alisema yeye ndiye aliyeleta kompyuta ya kwanza mtaani pale, enzi ambazo watu waliidhani televisheni iliyoharibika. Wageni wakacheka. Akasema vijana wake wa ofisini aliwaachia waichezee saa za chakula, maana alikwisha kuona dunia inakokwenda. "Nilikuwa na kijana mmoja wa Izigo, Projestus, Mungu amlaze mahali pema. Kichwa chake kilikuwa moto! Nilimpenda kama mwanangu. Mimi mwenyewe ndiye niliyemkalisha mbele ya mashine ile." Mimi nilikuwa na sahani ya pilau mapajani. Hamida, aliyekuwa mpiga chapa mwenzangu na sasa ni bibi wa wajukuu kama mimi, alikaa kando yangu. Hakunitazama. Alisema tu kwa sauti ya chini, "Huyu mzee ana uso mkavu," akaendelea kuchambua mfupa wa kuku. Watu wakapiga makofi. Na mimi nilipiga, kwa kuwa mikono ya mtu aliyealikwa harusini haina uhuru.

Mjukuu wa Hamida, binti wa sekondari, alitaka kujua tulikuwa tunacheza mchezo gani, wa magari au wa mpira. Nikamwambia ulikuwa mchezo wa maandishi matupu. Kioo cheusi, herufi za kijani. Mashine inakuandikia kwa Kiingereza kwamba umesimama mbele ya lango, kuna baridi, na kando ya lango ameketi kikongwe. Halafu inanyamaza, inakusubiri. Wewe unaandika unachotaka kufanya kwa maneno mawili matatu: tazama lango, chukua taa, nenda kaskazini. Ukikosea inakwambia haijakuelewa. Ukikosea vibaya inakuua, kisha inakuuliza kama unataka kuanza tena. "Hakuna picha?" akauliza. "Hakuna." "Sasa mlikuwa mnaona nini?" Nikamsogezea sahani yangu. Jibu lake lingekuwa refu kuliko harusi ile, na katikati ya jibu hilo kuna mambo ambayo mtu hayasemi mbele ya keki.

Huo ulikuwa mwaka wangu wa kwanza mjini. Nililala kwa akina Hamida, kwenye chumba cha uani tulichogawana mimi na yeye na magunia ya mchele ya mama yake, Bi Mwajuma, ambaye babu yake alitoka pwani na biashara zake akazeekea Bukoba. Bi Mwajuma aliniita mwanangu Leonida tangu siku ya kwanza, akaniwekea sufuria yangu ya ndizi kando, kwa sababu alisema Mhaya asipokula ebitoke hata akishiba anadhani ana njaa. Jioni tulikula barazani, wao wali na maharage, mimi ndizi na maharage yaleyale, na mazungumzo yalikuwa ya mazishi. Mwaka huo tulifika mahali tukaacha kuuliza nani kafa, tukawa tunauliza wanazika wapi. Wengine waliuita ugonjwa ule Juliana, kwa jina la vitambaa vya magendo vilivyokuwa vimeingia kutoka Uganda. Wengine wakauita silimu. Bi Mwajuma hakuuita jina. Alisema "hii kitu", akafunika chakula, kana kwamba kinaweza kuingia kwenye bakuli.

Ofisi ya mradi ilikuwa nyumba ya kupanga, na chumba cha kompyuta kilikuwa chumba cha kulala cha mwenye nyumba. Ukutani bado ulikuwapo msumari wake wa chandarua. Tuliingia bila viatu na bila kukohoa, kwa amri ya Meneja. Hamida alisema hata msikitini watu huvua viatu lakini hawaambiwi wasikohoe. Mashine yenyewe ilikuwa ya kuhesabia miche na magunia, ila Mtaalamu, Mzungu mrefu mpole aliyetumwa na mradi, alikuwa na disketi yenye mchezo ule, na saa za chakula, jenereta ilipoachwa ikiunguruma kwa ajili ya friji lake, alikaa mbele ya lango la yule kikongwe akishindwa kupita. Habari ya mchezo ilikuwa hivi: kijiji kimezimikiwa na mioto yote, nawe umetumwa kuutafuta moto chini ya mlima. Ndani ya mlima unaingilia langoni. Na langoni yupo bibi.

Projestus alikuwa karani wa takwimu. Alitoka Izigo, alikuwa na meno meupe yenye mwanya, na alipofikiri alitafuna amwani, zile buni za kuchemsha tunazowapa wageni, akizitoa mfukoni moja moja. Alikwisha kuja kwetu Buganguzi kujitambulisha. Rubisi, pombe yetu ya ndizi, ilikwisha kunywewa, wazee walikwisha kukubali, ilibaki siku ya kunichukua tu. Alikuwa amepanga chumba nyuma ya maduka ya Rwamishenye, na ukutani kwake, mahali ambapo vijana wengine hubandika picha za wanamuziki, alikuwa amechora kwa chaki njia zote za mchezo: lango, uwanja, kisima, ukumbi, mshale wa kaskazini. Mwenye nyumba alipouliza akamwambia ni ramani ya shamba atakalonunua. Siku Mtaalamu alipochoka akatuachia kiti, tulikaa watatu mbele ya kioo, Projestus katikati.

"Mtaalamu amempa nini bibi mpaka sasa?" nikauliza.

"Kila kitu. Mkate, taa, pete, hata viatu. Bibi anajibu vilevile: Sijaona mtu hapa."

"Amemsalimia?"

Projestus akanigeukia. "Mashine unaisalimiaje?"

"Sisemi mashine. Nasema bibi. Mtu anafika langoni kwa mzee, anamsukumia mkate, atamwona vipi?"

Akaandika neno la kusalimia. Mashine ikasema hailijui neno hilo. Hamida akacheka, akasema Wazungu wameunda bibi wakasahau kumpa adabu. Nikamwambia Projestus aandike "piga magoti". Alisita, kisha akaandika. Kioo kikatulia, halafu herufi zikaanza kutoka: kikongwe anainua kichwa, anakutazama kwa mara ya kwanza, anakuuliza umetoka wapi. Lango linafunguka. Tulipiga kelele mpaka Mtaalamu akaja mbio akidhani moto umeshika jenereta. Aliposoma alicheka mpaka akakaa chini, kisha akatununulia soda. Nimewahi kuwa na furaha kubwa zaidi maishani, nimezaa, nimejenga; lakini furaha iliyokuwa safi hivyo, isiyo na hofu ndani yake, nadhani hiyo ilikuwa ya mwisho.

Kiangazi kilipokuja Projestus alitokwa na mkanda wa jeshi. Malengelenge yalimshika kutoka mgongoni mpaka chini ya titi, na yalipopona yaliacha kovu ambalo kila mtu Bukoba alijua kulisoma. Alivaa shati la mikono mirefu, akafunga mpaka kifungo cha shingoni. Kikohozi kikafuata. Alikuwa akifikiri kwa amwani kama zamani, lakini sasa alizinyonya, hakuzitafuna, kwa sababu ya vidonda mdomoni. Hakuna aliyesema kitu. Ugonjwa ule ulikuwa na adabu ya ajabu: watu walikuzika kimya kimya ukiwa bado umesimama. Mimi mwenyewe sikumwuliza, naye hakuniambia, tukaendelea na mchezo. Ndani ya ukumbi wa mlima tulikuwa tumekwama mbele ya mlango wa jiwe ulioandikwa, "Nafungukia sauti ya ndani." Tulikuwa tumeusukuma, tumeupiga nyundo, tumeuombea. Tulikuwa nje, na ndani hapakuwa na mtu.

Asubuhi moja tulifika kazini tukamkuta Meneja chumba cha kompyuta, na viatu vyake miguuni. Alikuwa na chupa ya spiriti na pamba. Anafuta kibodi. Alifuta kila kitufe peke yake, polepole, kama muuguzi anayesafisha jeraha, na Projestus alisimama mlangoni akimtazama. Mtaalamu hakuwapo, alikuwa amekwenda Dar es Salaam kufunga mkataba wake. Meneja hakugeuka. Akaikunja nailoni ya gunia la mbolea, akaifunika kibodi, akasema, "Kuanzia leo Leonida na Hamida tu. Ni kwa usalama wa wote."

"Usalama gani, Meneja?" Hamida akauliza.

"Mimi sisemi kitu. Nasema usalama."

Projestus akasema kwa upole, "Spiriti inafuta herufi, mzee." Na kweli, vitufe kadhaa vilikuwa vimebaki vyeupe. Meneja akasema herufi zitaandikwa upya. Akamhamishia Projestus ghalani, akapange magunia, yeye ambaye alikuwa hawezi kubeba hata ndoo. Kabla mwezi haujaisha akamwambia apumzike nyumbani mpaka atakapopata nguvu. Huyo ndiye aliyempenda kama mwanawe.

Nilikwenda Izigo Jumamosi ya kwanza kwa lori la kahawa, dereva akanishusha barabarani nikapita kati ya migomba mpaka kwao. Walimlaza chumba cha nyuma, chenye dirisha linalotazama kibanja, shamba lao la migomba. Sakafuni mama yake alikuwa ametandaza nyasi mbichi kama desturi, na zilinukia vizuri kuliko hospitali yoyote. Kuta za ndani hazikufika juu darini. Ukikohoa chumba kimoja, wa chumba kingine anakuambia pole. Mama yake nilimwita Mawe, yaani mama kwa Kihaya, kama alivyomwita yeye. Alinipokea kama mkwe. Aliniletea ndizi zilizopikwa na maharage na samaki mkavu, samaki wa Evarist, kaka mkubwa wa Projestus, aliyekuwa akinunua kwa wavuvi wa visiwani na kuuza Muleba. Evarist alikuwa na redio kubwa, na kicheko kikubwa, na kila alipotoka visiwani alikaa siku chache akasimulia wanawake wa kule waliotoka kila mahali, kisha akarudi.

"Mlango umefunguka?" hilo lilikuwa neno la kwanza la Projestus.

"Mlango upi tena? Umenitisha."

"Wa jiwe."

Nikamwambia bado. Basi tukaanzisha utaratibu wetu. Juma zima saa za chakula mimi na Hamida tulikaa mbele ya kioo, tukasoma kila neno mpaka tukalikariri, Jumamosi nikampelekea yaliyoandikwa, naye akaniambia la kufanya, Jumatatu nikaliandika. Hatua moja kwa juma. Nilimtafsiria kwa Kiswahili ili Mawe asikie akiwa jikoni, na siku moja Projestus mwenyewe alimweleza mama yake mchezo mzima, bibi wa langoni na kupiga magoti, na Mawe alicheka mpaka akajifuta macho kwa khanga. "Kumbe hata mashine ya Kizungu inataka adabu," alisema. Nataka hilo likumbukwe. Alielezwa, akaelewa, akacheka.

Siku ya mlango ilikuwa siku ya mvua. Projestus alikuwa amelala ubavu, uso kaugeuzia ukutani, nikadhani amelala.

"Kisima cha uwanjani," akasema. "Ukipiga kelele juu yake inakuwaje?"

"Kinarudisha sauti."

"Inarudi kutoka wapi? Soma vilevile ilivyoandika."

Nikafumba macho nikakumbuka. "Sauti yako inarudi kutoka upande usioujua."

Akageuka. Sijui alipata wapi nguvu. "Leonida! Upande usioujua ni nyuma ya mlango. Shuka kisimani. Shuka mpaka chini, useme 'funguka' ukiwa hukohuko. Sauti itatokea ndani."

"Nikishuka nazama. Tulijaribu, tukafa."

"Mlishuka na taa na nyundo na pete na takataka zote. Acha kila kitu juu. Shuka mtupu."

Ili nisisahau nilirudia kama mtoto wa shule, kwa sauti, mara kadhaa: acha kila kitu, shuka kisimani, sema funguka. Acha kila kitu, shuka kisimani. Chumba cha pili redio ya Evarist ilikuwa imezimwa. Sikulifikiria jambo hilo.

Jumatatu mlango wa jiwe ulifunguka. Hamida alirukaruka mpaka ushungi ukamvuka. Meneja akaingia akauliza tunashangilia nini wakati mji mzima uko msibani. Hamida akamwambia Projestus amefungua mlango, akiwa kitandani Izigo, bila kugusa kitufe.

"Projestus?" Meneja akasema. "Kumbe bado anaongea?"

Hamida akarekebisha ushungi wake. Mimi nimesoma vitabu vingi tangu siku hiyo, vya dini na vya watu wenye hekima, vikinieleza kwamba hofu humfanya mtu mwema aseme maneno mabaya. Huenda. Lakini kuna watu ambao hofu haiwabadilishi, inawapa ruhusa tu.

Nyuma ya mlango ulikuwapo moto wenyewe, na njia ya kuurudisha kijijini ilipita chini ya maporomoko ya maji. Ukiubeba unazimika. Projestus alilifikiria hilo juma la kwanza, na la pili, na kabla hajanipa jibu Mtaalamu akatuaga, akarudi kwao, na mradi ukafungwa. Meneja alikuja na makasha. Nilimwomba aniachie mashine kwa mchana mmoja tu, nijaribu mawazo mawili ambayo Projestus alikuwa amenipa.

"Hiyo ni mali ya mradi," akasema. "Na mgonjwa anahitaji dawa, hahitaji michezo."

"Dawa iko wapi, Meneja?"

Akafunga kasha la kwanza. Mwaka ule hakuna mtu duniani aliyekuwa na jibu, lakini wengi walikuwa na makasha. Kompyuta ikaondoka, disketi ndani yake. Wengine walisema imepelekwa Mwanza. Hamida alisema tukatazame sebuleni kwa Meneja.

Nilifika Izigo nimeandaa namna ya kumficha habari hiyo, lakini Projestus alinitazama mara moja tu akasema, "Wameichukua." Nikasema ndiyo. Mvuke wa chungu cha Mawe ulipita juu ya ukuta na harufu ya ndizi. Kisha akasema, "Basi kuwa mashine wewe."

"Sijui kilichobaki."

"Nani anajua? Niambie niko wapi."

Nikajaribu. Nikamwambia amesimama mbele ya maporomoko, moto mkononi. Akasema anatafuta njia upande wa mashariki. Nikamwambia kuna mlango. Akasema ufungue. Nikasema umefunguka, nyuma yake kuna jua, na watu wa kijiji wanamngoja. Akanikazia macho.

"Ufunguo niliupata wapi?"

"Ulikuwa mfukoni."

"Sina mfuko. Niliacha kila kitu juu." Akajiinua kwa kiwiko, mifupa ya bega ikaonekana chini ya ngozi kama ya mtu aliyebeba nira. "Leonida, usinionee huruma. Mawe anasema nimenenepa. Evarist anasema kuna daktari anakuja kutoka Mwanza. Padri anasema majaribu hupita. Kila anayeingia humu ananidanganya, na mimi nawaitikia asante. Ile mashine ilikuwa haijui kwamba naumwa. Nikikosea iliniua kama inavyomwua mtu asiyeumwa. Wewe ukinidanganya nitazungumza na nani?"

"Unataka nisemeje?"

"Mlango umefungwa?"

Nilitazama dirishani, migomba ilikuwa imelowa. "Umefungwa."

"Ufunguo upo?"

"Haupo."

"Vizuri," akasema, akalala tena, na uso wake ukatulia jinsi nisivyowahi kuuona tangu siku ya spiriti. "Sasa tucheze."

Tukacheza. Jumamosi zote zilizobaki nilikuwa mashine ngumu. Nilijenga kuta, nikaficha taa, nikamwekea nyoka kwenye ngazi. Alipokosea nilimwambia, "Umekufa. Unataka kuanza tena?" Naye alisema, "Anza." Sauti yake ilikuwa imekwisha, mimi ndiye niliyesikika. Mawe aliingia na kutoka na uji. Siku nyingine alikaa mlangoni akasikiliza, akatikisa kichwa akitabasamu. Hakuna dawa niliyowahi kumpa Projestus ila hiyo, kumwambia ukweli juu ya milango isiyokuwapo, na sijutii hata neno moja.

Alifariki siku ya kazi, asubuhi, mimi nikiwa Bukoba natafuta kibarua cha kupiga chapa. Hamida alifuatana nami mazikoni, ushungi wake peke yake kati ya vilemba vyetu. Tulimzika kibanjani, na kesho yake wazee wa ukoo wakaketi. Nilidhani wameniita kunipa pole, maana nilikuwa mchumba. Niliketi kwenye nyasi kati ya wanawake. Evarist akasimama. Alikuwa amekonda kidogo, nilidhani kwa msiba.

"Mimi sina maneno mengi," akasema. "Kuta za nyumba hii ni fupi, kila mtu alisikia. Msichana huyu alikuwa anakuja kila Jumamosi. Anafunga mlango na ndugu yangu. Anamwambia, acha kila kitu, shuka kisimani. Anarudia, anarudia. Na mwishoni alikuwa anamwambia, umekufa. Kila Jumamosi, umekufa, umekufa. Mpaka amekufa kweli."

Watu wakaguna. Mzee wa ukoo akanigeukia, bila ukali. "Binti, ulimwambia marehemu maneno hayo?"

"Nilimwambia, waitu, mzee wangu. Lakini ulikuwa mchezo. Wa kompyuta."

"Kompyuta iko wapi?"

"Imechukuliwa."

"Kwa hiyo ulikuwa unamchezea mgonjwa mchezo wa kumwambia amekufa, na chombo chenyewe hakipo."

Likisemwa hivyo lilikuwa halina jibu. Hamida akasimama, akaanza kueleza kioo na herufi na bibi wa langoni, na kijana mmoja akacheka, na mwingine akamwambia aketi, huo si ukoo wake. Nikamgeukia Mawe. Alikuwa ameketi karibu kiasi kwamba ningeweza kumshika goti. "Mawe," nikasema, "waambie. Alikueleza mwenyewe. Ulicheka." Aliokota unyasi sakafuni, akaukunja, akaukunja tena. Kichwa hakukiinua. Nilingoja. Wote walingoja. Kisha Evarist akasema, "Mnaona? Hata mama hana la kumtetea," na wanawake waliokuwa wameketi kulia na kushoto kwangu wakasogea, kila mmoja kidogo tu, mpaka nikabaki na nyasi tupu pande zote.

Tuliondoka kabla matanga hayajaisha. Kwa miaka mingi nimetafuta namna ya kumsamehe mama yule, na nimepata sababu nzuri: alikuwa amebakiwa na Evarist tu, atakula kwa mkono wake, ataishi kwenye kibanja chake. Namwelewa kabisa. Kumwelewa hakujanisaidia. Evarist naye nilimwelewa baadaye. Uchawi ulikuwa nafuu kwake. Kama mimi ndiye niliyemwua ndugu yake, basi si ule ugonjwa. Na kama si ugonjwa, mtu aliyekuwa akilala visiwani angeweza kuendelea kujitazama kwenye kioo bila kuhesabu mbavu. Mwaka uliofuata alizikwa kando ya Projestus, na mkewe baada yake. Nilisikia kwamba walisema nimerudi kumalizia.

Vipimo vilipoanza kupatikana nilipima, Hamida akiwa amekaa nje kwenye benchi. Sikuwa na ugonjwa ule. Kwa nini sikuwa nao ni jambo langu na Projestus, na halihusu hadithi hii. Nilidhani majibu yale yatanisafisha. Nilikuwa bado sijajua jinsi watu wanavyohesabu.

Siku moja, nikiwa nimekwisha kuolewa na mtu wa Kamachumu, nilikuwa soko la Bukoba nachagua ndizi, mtoto wangu wa kwanza mgongoni. Nilikuwa nimenenepa, ngozi inang'aa kama ya mama anayenyonyesha. Mwanamke aliyekuwa akishika mkungu uleule upande wa pili aliinua macho, nikamtambua: alikuwa ameketi kushoto kwangu siku ya kikao. Nilifungua mdomo nimwulize habari za nyumbani. Aliuachia mkungu kana kwamba umeshika moto, akamvuta mwenzake mkono, na wakiondoka nilimsikia akimwambia kwa Kihaya, bila hata kushusha sauti:

"Ndiye yule. Si unaona? Yeye hakufa."